Ukiulizwa, Sema Mzima

Mimi sikai. Wateja wangu hapa Muyinga wananitania kwamba fundi wao ana siafu kwenye kiti, maana nikimaliza mshono mmoja nasimama, natafuta uzi ambao uko mkononi, nazunguka meza, narudi. Wacheke tu. Nikikaa kidogo mgongo unawaka moto, kuanzia kiunoni mpaka kisigino, na kwa miaka mingi sikumwambia mtu, hata mume wangu.

Tabia hii ya kunyamaza nimeitoa kwa baba. Tulipokuwa kambini Tanzania, siku yetu ya kurudi Burundi ilipokaribia, ulizuka uvumi kwamba mgonjwa akionekana anawekwa pembeni, wenzake wanapanda lori, yeye anabaki. Baba alikuwa ameumia mgongo kwa kubeba kuni. Akatupanga mstari sisi watoto, akatuambia, "Ukiulizwa, sema mzima." Kisha yeye mwenyewe akapanda lori akitabasamu, jasho linamtiririka. Tukavuka mpaka wote. Kila tukikutana tunaisimulia habari hiyo na kucheka mpaka machozi. Binti yangu anaijua kuliko sala.

Likizo moja nilimpeleka kwa babu yake, Bugendana, kule Gitega. Alikuwa na miaka tisa. Baba akaja kutupokea barabarani, tukaanza kupanda mlima kwa miguu. Baba kila baada ya hatua chache anasimama kusifu maharage ya watu. Mimi nafunga kitenge upya. Mtoto naye anainama kufunga kiatu, tena na tena, mpaka nikamgombeza kwamba anatuchelewesha. Nilipomtazama vizuri, amevaa ndala. Jamani, ndala zina kamba gani za kufunga?

Nikamuuliza kama anaumwa. Akatabasamu, na lile tabasamu nalijua, ni la baba kwenye lori. Tulipofika nikampandisha sketi. Paja la kulia lilikuwa limekonda kuliko la kushoto. Mama gani mimi! Watoto wa watu nawapima kila siku kwa futi, wa kwangu anapungua mguu sijaona.

Kesho yake asubuhi tukashuka kituo cha afya, sote watatu. Nesi, mama mmoja wa makamo, akamlaza kitandani.

"We mtoto, iko inakuuma wapi?"

"Mi mzima."

Nesi akabonyeza kifundo, goti, nyonga. Kila mahali tabasamu. Akaweka kalamu chini.

"Bon. Mama, huyu hasemi, mi nitaandika nini? Nimtume hospitali wampige picha ya wapi? Mguu unakonda. Akichelewa, atachechemea maisha yake yote."

Nikaogopa, na mimi nikiogopa nagomba. "Sema! Mdomo wa kuimba kanisani unao, wa kusema huna?"

Akaniangalia, akamwangalia babu yake aliyekuwa kwenye benchi, halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Nikisema, mtaniacha hapa?"

Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Miaka yote tulikuwa tukicheka mbele yake, kumbe yeye anashika kila neno. Nikaanza kuzunguka chumba.

Baba akainuka, akashika ukuta, akaguna kwa nguvu. Sikuwahi kumsikia baba akiguna.

"Ayii! Mgongo unaniua, mjukuu wangu. Unaniua tangu kambini. Umeona nani ameniacha?"

Mtoto akaweka kidole kwenye nyonga. "Ni hapa," akasema. "Nikitembea inachoma."

Nesi akachukua kalamu. Kabla hajaandika, akanigeukia.

"Na we mama, mbona hukai? Uko na shida?"

"Mi mzima," nikasema. Lilitoka lenyewe, Mungu anisamehe.

Mtoto akaondoa kidole. "Hata mimi," akamwambia nesi, "haiumi sana."

Nikaenda pale kitandani, nikakaa, nikamshika mkono.

"Nimedanganya," nikasema. "Mgongo unaniuma, mwanangu. Unaniuma hata sasa hivi."