Shemeji Alivyoziba Matundu ya Hewa

Shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, alikuwa mshamba aliyepata duka. Miaka ile ya ruksa, bidhaa zilipoanza kumiminika, alifungua duka la vitenge na redio pale Majengo, na tangu siku hiyo hakuna kitu cha Songea kilichomfaa. Alikwenda Dar es Salaam mara mbili, akarudi na maneno. Nyumba ya kisasa, alisema, haina matobo.

Matobo yenyewe ni matundu ya hewa, yale yanayoachwa juu ya dirisha. Akamwita fundi ayazibe kwa saruji, apige silingibodi nyumba nzima, apake fremu za madirisha rangi ya mafuta mpaka zikagandana zisifunguke tena. Fundi, mzee wa watu, alimwambia kwamba nyumba ikizibwa hivyo lisiwashwe jiko ndani. Shemeji akamcheka, akamuuliza kama amesomea hewa. Na mimi nilicheka, mjinga mwenzake.

Julai mdogo wangu akajifungua. Nani asiyeijua baridi ya Julai ya Songea? Nilikuja kutoka Peramiho kumhudumia, nikamkuta mama mkwe wake keshatawala. Kwetu mzazi hukaa ndani na moto, hilo sibishi. Mama yetu alituzaa sote hivyo, lakini chini ya paa la nyasi, na moshi ulijua pa kutokea. Yule mama akasema kuni ni mambo ya kijijini, zitachafua dari ya mwanawe. Basi ukaletwa mkaa. Hauna moshi, akasema, kwa hiyo hauna neno. Jiko likawekwa miguuni pa kitanda, mlango ukafungwa, na kitambaa kikasokomezwa chini yake. Ustaarabu huo!

Siku ya tatu mdogo wangu akalalamika kichwa kinamuuma. Mama mkwe akasema ni malaria, maana kwake kila kitu kilikuwa malaria, kisha akaenda zake kuota jua kwa jirani. Mimi nikaenda bombani, nikakuta foleni ndefu. Niliporudi ilikuwa karibu saa sita mchana. Mdogo wangu alikuwa ametapika kwenye shuka, macho yamefumba nusu, na mtoto kifuani pake amelegea, halii. Nilipowainamia, kichwa changu nacho kikazunguka. Hapo ndipo maneno ya fundi yaliponiingia. Nikachukua mchi nikavunja kioo, nikavunja na cha pili, nikambeba mtoto, nikamburuta mama yake kwa makwapa hadi barazani.

Mtoto alikaa kimya muda ambao sitaki kuukumbuka. Kisha akalia, na mimi nikalia.

Shemeji akaja mbio kutoka dukani. Akatupita pale chini, akaenda kutazama dirisha.

"Hivi vioo vimetoka Dar," akasema.

Nilimtukana matusi ambayo sikujua kama ninayo. Nikamwita muuaji, nikamwita mama yake, aliyekuwa amefika kutoka kwa jirani, mchawi, majirani wote wakasikia, na hadi leo sijutii hata moja. Watu wazima wawili, nikawaambia, mmeshindwa kumwonea huruma mzazi.

Nilikuwa bado nafoka mdogo wangu aliponishika upindo wa khanga. Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi niiname.

"Dada, asubuhi nilikuomba uniachie mlango wazi. Ukasema nadeka."