Nyumba Niliyomfunikia Mama

Katika miaka ya sabini nilimjengea mama nyumba ya mabati, upande wetu wa Kenyenya. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sikupenda kwenda mbali na nyumbani, kwa hiyo akili yangu yote niliimwaga kwenye boma letu. Kama ningeajiriwa mjini, pengine nyumba hiyo ingejengwa na mtu mwenye akili kunizidi.

Mama alikuwa na kifua kibovu. Kwetu milimani baridi ndiyo adui, na nyumba yenye mwanya kati ya ukuta na paa ilikuwa aibu ya mwenye nyumba. Nikaiziba mianya yote kwa udongo na samadi, hata ile midogo ya panya. Kisha nikaibomoa nyumba yake ya nyasi, nikatumia miti yake kujengea jiko nje. Sikumuuliza.

Mchana mabati yalichoma kama kikaango. Alfajiri yalidondosha maji ndani, mbingu ikiwa kavu kabisa. Mama alilala humo na wajukuu watatu, na nguo za kuchumia majani chai, zilizolowa umande, zikining'inia kwenye kamba. Baada ya mwezi, ukuta wa upande wa kitanda uliota ukungu mweusi, na kikohozi chake nikawa nakisikia kutoka kwangu.

"Paa linavuja," nikasema, nikapanda na lami kuziba misumari. Mara tatu.

Asubuhi moja mama aliniita jikoni. Akafunua sufuria ya viazi, akakiinamisha kile kifuniko. Matone yakateremka hadi ukingoni.

"Baba, hiki nacho kinavuja?"

Shemeji yangu, mke wa kaka, aliyekuwa akimenya ndizi, akasema bila kuinua macho, "Kipake lami."

Swali hilo hilo nililijibu kwenye mtihani nikapata alama zote: hewa yenye mvuke ikigusa kitu baridi, mvuke hugeuka maji. Pumzi za watu wanne na nguo mbichi, chini ya bati lililopozwa na usiku. Nyasi zisingefanya hivyo. Zilishika hewa katikati yake, hazikupoa upesi wala kupata moto upesi. Unyevu ziliunywa na kuutoa polepole.

"Nirudishe kwangu," mama akasema.

Kwake palikuwa hapo jikoni tulipokaa. Nguzo za nyumba yake ya nyasi ndizo zilizoshika jiko.

Siku hiyo hiyo nikabomoa udongo wangu wote chini ya paa. Juu, karibu na mgongo wa paa, nikatoboa tundu kila upande ili hewa yenye joto na mvuke itoke na nyingine iingie kwa chini. Nikatandika dari la matete, juu yake nyasi kavu, unene wa mkono mmoja. Nguo zikahamia jikoni.

Mabati yakaacha kudondosha maji. Mchana mama aliweza kulala. Ukungu ukakauka, ukakwanguka kwa kisu. Kifua hakikurudi kilivyokuwa. Alizikwa kabla ya mvua ndefu za mwaka uliofuata, na hakuna aliyenilaumu; lawama ningezivumilia vizuri zaidi.

Naishi humo sasa. Julai upepo hupita juu ya kitanda, na mke wangu hunipa gunia nizibe matundu. Nalipokea, najifunika nalo miguu.