Goti la Dominika

Huko Pito, nje kidogo ya mji wa Sumbawanga, watu wanamjua Dominika kwa mambo mawili: kwamba aliwahi kuvaa jezi ya taifa mara ishirini na tatu, na kwamba hapendi kurudia neno. Mguu wake wa kulia haukunjiki sawasawa. Wakati wa kuvuna ulezi huinama kiupande, kama mtu anayetafuta kitu chini ya kitanda, na baridi ya mwezi wa saba ikikaza, goti huvimba mpaka suruali ikambana. Ana miaka thelathini na mitano. Kwa miaka kumi aliamini kwamba goti lile ni bahati mbaya tu, na mtu hawezi kuikasirikia bahati.

Ni mtoto wa tatu wa Mzee Vitus, mkulima wa mahindi na ulezi, mtu wa misa ya kwanza, asiyejua mzaha. Mpira aliuanzia malishoni, na watoto wa wafugaji waliohamia kutoka Usukumani. Walimweka beki kwa sababu ya ubishi wake: ukimpita mara moja, humpiti mara ya pili. Hapo ndipo Mwalimu Marselino, aliyekuwa akifundisha michezo shuleni kwao, alipomwona.

Marselino alifika kwa Mzee Vitus mara tatu kumwombea Dominika ruhusa ya kucheza, na mara tatu mzee alimjibu kwamba msichana na mpira ni wapi na wapi. Mara ya nne alikuja na jembe begani. Hakubisha hodi. Aliingia shambani, akashika mstari wa pili, akalima matuta sambamba na mzee tangu umande ukiwa haujakauka mpaka jua likawa utosini, bila kutaja mpira hata kidogo. Mwishowe Mzee Vitus akashusha jembe chini.

"Haya, sema ulichokuja kusema."

"Nipe huyu mtoto, mzee. Nitamtunza kama wangu."

Ndivyo alivyotoka. Marselino alipopata kazi ya ukocha Dar es Salaam, katika timu ya wanawake iliyoitwa Mawimbi, alimchukua Dominika, naye ana miaka kumi na saba. Joto la pwani lilimtesa mwaka mzima. Wenzake walimcheka Kiswahili chake chenye ladha ya Kifipa, wakaacha kucheka walipoanza kukutana naye mazoezini. Mwaka wa tatu aliitwa timu ya taifa. Siku ya mechi yake ya kwanza mama yake, Monika, alikwenda kuangalia televisheni kwa jirani, na wimbo wa taifa ulipopigwa alisimama peke yake katikati ya sebule ya watu, mikono ikiwa imenyooka, mpaka ukaisha.

Kwa miaka minane Dominika alikuwa ukuta wa Mawimbi. Mwaka 2015 barua ikaja kutoka timu moja ndogo ya Ubelgiji. Walikuwa wamemwona katika mashindano ya nje, wakamtaka aende kufanyiwa majaribio mara baada ya ligi kumalizika. Ilikuwa imebaki fainali ya kombe, Jumamosi.

Jumanne, mazoezini, aligeuka kuufuata mpira na goti likalia kama kijiti kikavu. Alipelekwa hospitali, akapigwa picha. Kesho yake Marselino akaja chumbani kwake akitabasamu.

"Ni mshtuko tu," alisema. "Hakuna kilichokatika. Pumzika, Jumamosi utacheza."

Jumamosi, kabla ya kuingia uwanjani, muuguzi wa timu, mama mmoja aliyeitwa Salome, alimchoma sindano ya ganzi kwenye goti. Dominika alikumbuka baadaye kwamba Salome hakumwangalia usoni. Alicheza dakika themanini na moja. Ya themanini na mbili alikanyaga chini, mguu ukaenda huku na mwili ukaenda kule. Mawimbi walichukua kombe. Yeye alilisikia likishangiliwa akiwa amelala ndani ya gari la wagonjwa.

Ubelgiji alikwenda hivyo hivyo miezi miwili baadaye, goti likiwa limefungwa, kwa sababu kila mtu alimwambia limepona. Alikuta baridi aliyoizoea na uwanja wenye nyasi za kulalia. Hakuupiga mpira hata mara moja. Daktari wa timu ile, mwanamke mwenye vidole vya baridi, alilishika goti, akalisukuma mbele na nyuma, akasema kitu kwa ukali. Mkalimani alikuwa Mkongo wa Bukavu.

"Anauliza ni nani aliyekuruhusu kucheza juu ya goti hili."

"Niliumia kwenye mechi yenyewe," Dominika alijibu.

Daktari akatikisa kichwa, akasema tena, na Mkongo akatafsiri kwamba kuna jeraha la kwanza na kuna uharibifu uliofuata, na la kwanza lingeshonwa. Dominika hakuelewa. Alidhani wazungu wanatafuta sababu ya kumrudisha. Walimrudisha. Alipasuliwa Dar es Salaam, akaambiwa gegedu limesagika, basi. Alistaafu akiwa na miaka ishirini na mitano, umri ambao mabeki wengi ndiyo kwanza wanaanza kuuelewa mpira.

Akarudi Pito kulima. Jioni akawa anafundisha wasichana kwenye uwanja wa shule. Marselino naye akazeeka, akarudi akajenga Kizwite, mtaa wa Sumbawanga, na katika miaka yote hiyo Dominika alimheshimu kama baba wa pili. Kila Krismasi alimpelekea jogoo. Alimwamkia shikamoo kwa mikono miwili.

Mwezi wa nne mwaka huu akapokea bahasha iliyokuja na basi la kutoka Dar es Salaam. Ilitoka kwa Salome. Alikuwa anahama nyumba, aliandika, na amekutana na jalada ambalo lilipaswa kuwa mikononi mwa mwenyewe siku nyingi. "Nisamehe. Nilikuwa na watoto wa kusomesha na niliogopa kufukuzwa."

Ndani kulikuwa na majibu ya ile picha, yenye tarehe ya Jumanne ile. Yaliandikwa Kiingereza cha kidaktari, kwa hiyo aliyapeleka zahanati kwa Hellena, muuguzi aliyesoma naye darasa moja. Hellena akasoma kimya, akasoma tena.

"Dominika, hapa wanasema kano la goti limekatika lote. Wanasema usicheze, ufanyiwe upasuaji."

"Jumanne?"

"Jumanne."

Chini ya karatasi palikuwa na mstari wa kalamu ya mkono, wa Kiswahili, ambao haukuhitaji mkalimani. Mwandiko ule aliujua tangu darasa la tano. *Mchezaji asiambiwe mpaka Jumamosi ipite. Marselino.*

Hakulia. Alipanda bodaboda mpaka Kizwite, na njia nzima hasira ikawa inampanda. Alimkuta Marselino barazani akipukuchua mahindi na mkewe, Bertha. Kwa mara ya kwanza maishani mwake hakumwamkia. Akaiweka ile karatasi juu ya mahindi.

Mzee aliisoma. Akairudisha pale pale juu ya mahindi.

"Ni mwandiko wako?"

"Ni wangu."

"Kwa nini?"

"Timu nzima ilikutegemea. Uongozi ulinikalia shingoni. Nilisema mechi moja tu, kisha tutakutibu. Sikujua yatafika pale." Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Halafu nakujua wewe. Hata ningekuambia, ungecheza."

"Labda."

"Si unaona."

"Labda ningecheza, labda ningekataa. Mimi sijui, na sitajua mpaka nakufa. Hicho ndicho ulichoniibia, Mwalimu. Goti ni nyama. Ulikula neno langu."

Bertha akajaribu kupoza. "Mwanangu, yaliyopita si ndwele."

"Yangu haijapita, mama. Nimekuja nayo hapa, naichechemea."

Akachukua karatasi yake akaondoka. Nyumbani alimsimulia baba yake, naye Mzee Vitus alisikiliza mpaka mwisho, akatoka nje, akasimama akiangalia matuta. "Angekuja mara kumi bila jembe ningemfukuza," alisema. "Mimi ndiye niliyeshusha jembe." Dominika akamkasirikia na yeye pia, kwa kujitwika mzigo usiokuwa wake.

Sasa, wiki ile ile mji ulikuwa unajiandaa na mashindano mapya ya wasichana, na kamati ilikuwa imeyapa jina la Mwalimu Marselino. Dominika ndiye aliyepangwa kumtambulisha siku ya ufunguzi. Hellena alimshauri aseme anaumwa. Alikataa. Alikuwa ameumwa vya kutosha kwa manufaa ya watu wengine.

Jumapili mchana uwanja ulijaa. Meshack, mwenyekiti wa kamati, akamsifu Dominika mpaka maneno yakamwishia, akampa kipaza sauti. Dominika alisema hivi:

"Huyu mzee alinitoa malishoni akanifikisha taifa. Ni kweli, na sitalikana. Huyu huyu aliambiwa goti langu limekatika, akanificha, nikachomwa ganzi nikacheza. Nayo ni kweli. Ninyi wasichana mnaoanza leo, miguu ni yenu. Daktari akitoa majibu, asikieni wenyewe, kwa masikio yenu."

Akarudisha kipaza sauti. Kisha sauti ya mwanamume ikatoka nyuma, "Fadhila za punda," na watu wakaanza kunung'unika, na Dominika akafahamu kwamba wanamnung'unikia yeye. Marselino hakujitetea wala kukanusha. Alivua kofia, akaishika magotini, akabaki ameketi hivyo mchana kutwa.

Kombe lilibaki na jina lake. Kamati haikumwita tena Dominika. Wazazi watatu waliwatoa mabinti zao kwenye timu yake, wakisema mwalimu asiye na shukrani atawafundisha nini. Padri alimwita akamkumbusha habari ya kusamehe, naye akajibu kwamba amesikia, na siku akiweza atakuja mwenyewe kumwambia. Bertha alikuja Pito na kapu la maharage na ujumbe kwamba mzee hali chakula vizuri siku hizi. Dominika alimkaribisha, akampa chai, wakazungumza habari za mvua. Wakati wa kuondoka akambebea lile kapu mpaka barabarani, akamrudishia likiwa na maharage yake.

Mwezi wa nane Lucia, winga wake wa miaka kumi na sita, aliteguka kifundo cha mguu. Dominika akampeleka hospitali. Daktari kijana akaishika picha, akamgeukia Dominika kuanza kueleza.

"Mwambie yeye," Dominika alisema. "Mguu ni wake."

Daktari akamweleza Lucia: kuna ufa mdogo, wiki sita bila mpira. Lucia alisikiliza yote, akauliza maswali mawili ya maana. Nje, kwenye ngazi za hospitali, akafuta machozi akasema ameelewa, lakini nusu fainali ni Jumamosi na yeye atacheza.

Dominika alihisi damu ikimchemka upya, safari hii kwa mtoto wa watu asiye na kosa.

"Umesikia, na neno ni lako," alimwambia. "Na mimi nina langu. Kwenye timu yangu huchezi."

Walifungwa mabao mawili. Lucia alimnunia mwezi mzima, akawa anakaa pembeni ya uwanja na magongo yake akiangalia upande mwingine. Dominika hakumbembeleza. Kila jioni alimpitia kwao, akapanda naye bodaboda mpaka uwanjani, akamrudisha, bila mmoja kumsemesha mwenzake njia nzima.