Sweta ya Mama Mgongoni mwa Misiti

Habari hii nitaisema mara moja tu, na anayetaka kucheka acheke sasa kabla sijaanza, kwa sababu kule kwetu Gesima kuna watu ambao hadi leo wakiniona nateremka barabarani wanaangalia kwanza kama niko peke yangu ndipo wanisalimie, na aibu yenyewe haijapungua hata kidogo, ni mimi tu niliyeizoea.

Mimi ni karani katika ofisi ya wakili mjini Kisii. Sina mume, sina mtoto bado, nina mbwa. Lakini si mbwa kama mnavyofikiria nyinyi, wa kufungwa kwa mnyororo nyuma ya nyumba na kurushiwa mifupa. Huyu ni mbwa wa mashindano ya mbio, aliyestaafu. (Ndiyo, nimesema aliyestaafu. Hata mama aliponisikia mara ya kwanza aliniuliza kama analipwa pensheni.) Alikuja nchini na mwalimu mmoja wa Ireland aliyepanga nyumba ya chini kwenye ploti yetu, mwanamke mpole, na kwao mbwa hawa wembamba wenye miguu mirefu hukimbizwa kwenye uwanja wa mviringo wakimfukuza sungura wa bandia anayevutwa na mota huku watu wakitazama, na mbwa akiumia mguu au kasi yake ikipungua kazi yake imeisha, basi wenye huruma humtafutia nyumba. Huyo mwalimu alikuwa amemchukua hivyo. Mkataba wake hapa ulipokwisha alitumwa nchi yenye joto la jangwa, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikitembea na mbwa jioni, aliniuliza kama ningemchukua, nikajibu ndiyo kabla hajamaliza kuuliza.

Jina lake ni Misty, lakini majirani walimwita Misiti na yeye akakubali.

Hakuna aliyenionya jinsi mbwa huyu anavyokosesha mtu utulivu. Mimi naishi ghorofa ya pili, na Misiti alikuwa hajawahi kupanda ngazi maishani mwake, akifika kwenye ngazi ya kwanza anasimama anatetemeka kama mtu aliyeambiwa aruke mto, kwa hiyo wiki tatu za mwanzo nilimbeba mikononi asubuhi na jioni, mbwa mwenye uzito wa mtoto wa darasa la nne, huku majirani wakitoka milangoni kuangalia. Halafu ni mwembamba kwa maumbile, mbavu zinahesabika, na watu wakawa wananiambia nimwogope Mungu nimpe chakula, na mimi nikawa nimechoka kueleza kwamba anakula mara mbili kwa siku, tena chakula kingi kuliko mimi. Hana manyoya ya kutosha wala mafuta mwilini, baridi inamuumiza, ndiyo maana alikuja na koti lake la kitambaa kizito. Koti hilo nililificha kabatini. Watu wa sokoni walikuwa wakituona tukipita wanaita, "Mama mtoto, mtoto hajambo?" na mimi sina kifua cha kubeba mambo kama hayo kila siku.

Sasa, mama yangu anaitwa Kemunto. Ni mjane, ana shamba dogo la chai, na mwaka huo aliamua kugombea uenyekiti wa kamati ya baying senta yetu, yaani pale kwenye kibanda cha mabati ambapo wakulima wanapeleka majani chai yapimwe na kupakiwa kwenye lori. Mwenyekiti alikuwa Mzee Onsongo, na alikuwa amekaa miaka mingi sana, na paa lilikuwa linavuja juu ya majani ya watu na yeye anasema litatengenezwa. Mama hakuwa mtu wa siasa. Alichoka tu kunyeshewa. Nguvu yake kubwa ilikuwa akina mama wa Dorkasi, kile kikundi cha kanisani ambacho huwatembelea wagonjwa na waliofiwa, kwa sababu karibu wote wana majani chai na karibu wote walikuwa wamechoka kunyeshewa pamoja naye.

Niliomba ruhusa kazini nikafika nyumbani siku moja kabla ya uchaguzi, nikiwa na Misiti na bila koti lake. Mama alimtazama, akazunguka akamtazama upande wa pili, akasema kesho nimfungie jikoni, asionekane na watu. Nikasema sawa.

Asubuhi iliamka na ule ukungu wa Gesima unaoshuka mpaka kwenye magoti, na manyunyu. Mama aliondoka mapema amevaa koti la mvua. Nikamfungia Misiti jikoni, ile jikoni ya nje, nikafika kwenye lango, nikasikia analia. Si kubweka, hawa hawabweki sana. Ni kilio chembamba kinachopanda na kushuka. Maisha yake yote amelala na wenzake, hajui kuachwa peke yake mahali pageni. Nikarudi. Nikamkuta anatetemeka mwili mzima, miguu inagongana, nikatafuta gunia sikuliona, nikatafuta shuka la zamani sikuliona, na pale kwenye kiti karibu na moto kulikuwa na sweta ya mama, rangi ya damu ya mzee, imefuliwa na kuanikwa ikauke kwa ajili ya Sabato. Nikajiambia ni kwa dakika chache. Nikapitisha miguu yake ya mbele kwenye mikono ya sweta, nikaikunja mikono isimkwaze, nikafunga vifungo juu ya mgongo, na akatulia papo hapo, akaniegemea pajani. Mnaona hapo? Hapo ndipo nilipojimaliza, na wakati ule nilijiona mtu mwema.

Sweta ile haikuwa sweta tu. Baba alipofariki, akina mama wa Dorkasi waliifuma kwa zamu, huyu mkono, yule mgongo, wakashona jina KEMUNTO kifuani kwa uzi mweupe, wakamvika mama siku ya mazishi. Nililijua hilo vizuri. Lakini siku ile kichwani mwangu hapakuwa na mazishi, palikuwa na mbwa anayesikia baridi.

Na kwa kuwa ameshavaa na ametulia, nikaona niende naye, nisimame juu barabarani mbali na watu, niangalie tu mlolongo wa mama kisha turudi kabla hajamaliza. (Mtu akishaanza kukosea huwa anapata akili nyingi sana.)

Uchaguzi wetu ni wa kupanga foleni nyuma ya mgombea. Kutoka juu niliona vizuri: Mzee Onsongo amesimama upande mmoja wa kibanda na fimbo yake, mama upande wa pili amejishika mikono, na ofisa wa kusimamia katikati na karatasi yake. Foleni ya mama ilikuwa ndefu zaidi. Ilikuwa imepita mti wa mwisho pale uwanjani na bado watu walikuwa wanaingia. Nikataka kuwapigia picha ndugu zangu walioko Nairobi, kwa hiyo nikautoa mkanda wa kumshikia Misiti kwenye kiganja nikauning'iniza kwenye kiwiko, nikainua simu.

Hapo ikapita boda boda. Jamaa alikuwa amempakia mpiga kura aliyechelewa, anateremka kwa kasi, na nyuma ya pikipiki yake alikuwa amefunga pambo, mkia mnene wa manyoya ya bandia ya kijivu, unapepea na kurukaruka juu ya udongo, na mota inalia ile sauti ya juu. Nafikiri nilielewa kabla haijatokea. Niliona masikio ya Misiti yakisimama. Kisha kiwiko changu kilivutwa, simu ikaanguka kwenye nyasi, na mkono wangu ulikuwa mtupu.

Mimi sikuwahi kumwona akikimbia. Nilikuwa nimemwona akilala kwenye kochi langu masaa mengi, nikadhani nimemjua. Alishuka ule mteremko amelala karibu na ardhi, miguu haionekani, na alikuwa mzuri kiasi kwamba kwa nukta moja nilisahau kuogopa. Jamaa wa boda akageuka, akaona kitu chekundu kinamjia, akaongeza mafuta, akapita katikati ya foleni zote mbili, na watu wakatawanyika huku na huku, wengine kwenye chai, wengine ukutani. Mpiga kura aliyepakiwa aliruka akaanguka juu ya magunia ya majani. Jamaa akakizunguka kibanda akitafuta njia ya kutokea, Misiti nyuma yake, wakazunguka mara ya pili, na mbwa akakata kona kwa utaalamu kabisa, kwa sababu kuzunguka ndiyo kazi aliyofundishwa. Mara ya tatu jamaa akaona mwanya akapanda barabara akaenda zake. Misiti akasimama. Hawa wakishakimbia kidogo wamekwisha. Alisimama katikati ya uwanja, mahali foleni zilipokuwa, ulimi nje, matope mpaka tumboni, na jina la mama yangu mgongoni.

Watu walikuwa wameanza kucheka. Kicheko kikaanza kufa upande wa akina mama wa Dorkasi, mmoja mmoja, kadiri walivyokuwa wakisoma.

Nilifika chini nikiwa nimeteleza mara mbili, sketi imejaa udongo, nikamshika Misiti shingoni na kuanza kusema mambo, sikumbuki mambo gani. Aliyekuja mbele ni Mama Bosibori, kiongozi wao, mwanamke aliyenifundisha kukariri mafungu ya Biblia nikiwa mdogo. Hakunigombeza. Aliinama akafungua vifungo polepole, akamvua mbwa mkono mmoja baada ya mwingine, akaikung'uta sweta, akaikunja kama inavyokunjwa nguo safi.

"Moraa," akasema, "hii tulimfumia mama yako akiwa hawezi hata kusimama."

Nikasema najua. Nikasema mbwa alikuwa anasikia baridi. Akamtazama Misiti, ambaye sasa hakuwa na kitu cha kumfunika, mbavu zote nje, anatetemeka.

"Na chakula pia hamumpi."

Akanikabidhi sweta. Ofisa alikuwa anawaita watu wapange foleni upya, na Mama Bosibori akageuka, akatembea bila haraka, akaenda akasimama nyuma ya Mzee Onsongo. Wengine walimfuata. Si wote, kuna waliorudi kwa mama, na kuna waliosimama katikati wakivuta leso zao wasijue waende wapi mpaka wakavutwa na jirani. Mama alikuwa mbele ya foleni yake, uso kwa watu kama sheria inavyotaka, kwa hiyo aliona kila aliyeondoka. Alishindwa kwa watu saba. Akaenda akampa Mzee Onsongo mkono.

Tulirudi nyumbani yeye mbele, mimi nyuma na mbwa. Nilitamani anitukane. Nilifagia uwanja uliokuwa umefagiliwa, nikachota maji pipa likiwa limejaa, nikafua sweta mara tatu. Mama alikaa kwenye kigoda akasonga ugali, akakata kipande kikubwa, akakimwagia maziwa, akakiweka mbele ya Misiti. Alipomaliza kumwangalia akila ndipo akasema, "Ungeniambia anasikia baridi ningekupa blanketi. Lipo chini ya kitanda changu." Nilienda nyuma ya nyumba kwenye migomba nikalia.

Sabato ile baada ya ibada niliwaomba akina mama wa Dorkasi wanisikilize nje ya kanisa. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yote yakanitoka, nikawaambia tu kwamba niliikosea zawadi yao na nikamwangusha mama, na kwamba yeye hakujua lolote. Halafu, sijui kwa nini, nikawaeleza habari za Misiti, uwanja wa mbio, mguu ulioumia, namba ya utambulisho aliyochorwa ndani ya sikio kama mbwa wote wa mbio. Mama Bosibori akauliza, na wale wasiopata nyumba wanakwenda wapi? Nikamwambia wengine huuawa. Akasema kama ningeyasema hayo mapema, siku ile asubuhi, kwa mama yangu, mengine yasingetokea. Akanishika mkono. Lakini kura ilishapigwa, na msimu ule wa mvua wote walinyeshewa pamoja, yeye na mama, chini ya paa lile lile.

Wapo wanaonifariji kwamba Mzee Onsongo angeshinda tu, ana watu wake. Sijawahi kuweza kuamini, na sijawahi kuacha kujaribu.

Sasa nikienda Gesima Misiti anavaa koti lake hata jua likiwaka, na anayetaka kuuliza mtoto hajambo namjibu hajambo sana. Mkanda nauzungusha kiganjani mara mbili, na mahali watu wamekusanyika siendi naye, iwe harusi, iwe mnada, iwe maombi ya watu watatu, hiyo nimeapa. Na jambo likiwa la mama, namuuliza mama kwanza.

Juzi alinipigia simu kuniambia ameombwa agombee tena, na anafikiri atakubali. Nikafurahi, nikamwambia nitaomba ruhusa nije. Akasema kwa upole kabisa, "Hapana, Moraa. Siku hiyo una kazi nyingi ofisini." Nikamwambia ndiyo, mama. Nina kazi nyingi sana.