Mafuta ya Samaki Yaliponyamaza

Wakuu, amosou, nawasalimu kutoka Dunga, ziwani Kisumu. Haya yalinipata mimi mwenyewe, na pale nilipokosea nitasema nilikosea.

Mimi hukaanga samaki hapa beach. Nilishikwa na TB sugu, ile haisikii dawa za kawaida, nikaanzishiwa sindano kila siku clinic. Waliniambia mapema: hii dawa inaponya kifua lakini inaweza kula masikio. Kwa hivyo kila mwezi unapimwa. Unavaa earphones, ukisikia "tiii" unabonyeza.

Sasa ujinga wangu.

Sister wa kupima alikaa nyuma ya kioo, na kila akituma sauti bega lake linainuka kidogo. Nikiona bega, nabonyeza. Hata kama sijasikia kitu.

Msinicheke bado. Niliogopa nikifeli watanitoa kwa sindano, TB irudi, niambukize watoto wangu. Basi nikafaulu.

Na zile wiki zilikuwa tamu, haki. Asubuhi ziwa limelala, ukungu juu ya maji, ndege wanafungua midomo na hakuna kitu kinatoka. Nikadhani dunia imepunguza kelele kwa heshima ya mgonjwa. Ndani ya kichwa kulikuwa na kamlio kadogo tu, kama birika inachemka kwa jirani. Nilitembea kama niko chini ya maji, na nilipenda.

Kisha samaki wakaanza kuungua.

Mjue mimi sigeuzi samaki kwa macho. Nasikiliza mafuta. Akiwa mbichi yanapiga kelele, akiiva sauti inakuwa nyembamba, ndio nageuza. Siku hiyo nikangoja ile nyembamba. Nikangoja. Baba Akinyi, mume wangu, akaja mbio: "Mama, unapika samaki ama makaa?"

Nikaangalia karai. Mafuta yanaruka, moshi umejaa, na mimi siyasikii. Nililia hapo hapo mbele ya customers.

Kesho yake nikamwambia sister ukweli kuhusu bega. Hakunigombeza. Aligeuza kiti nikaangalia ukuta, akapima upya. Sauti za juu zilikuwa zimeenda, za maongezi bado ziko. Akasema hii dawa huanza na zile nyembamba, kabla mtu hajakosa maneno, ndio maana wanapima mapema. Daktari akanitoa kwa sindano, akanipa vidonge, na TB ikapona tu. Kile niliogopa hakikutokea.

Lakini zile zimeenda hazirudi.

Wakuu, ukiwa kwa hiyo dawa usiiache kivyako, na usidanganye kipimo. Masikio yakianza kulia, sema siku hiyo hiyo.

Siku hizi nageuza samaki kwa macho. Asubuhi ndege wakifungua midomo, Baba Akinyi hunionyesha kwa kidole: "Wanaimba, Mama." Hiyo sauti yake nzito naipata yote.

Kuna mwenzangu hapa alidungwa hiyo sindano? Wewe ulianza kukosa sauti gani?