Gari ya marehemu kaka yangu ilikuwa inamiss kilimani, na skana haikuona kitu

Wakuu, salamu kutoka Kakamega, huku mvua inaingia kazini saa nane mchana na haichukui likizo.

Kuna mtu kwenye uzi mwingine ameuliza kuhusu gari inayomiss, yaani injini inakatakata, bila code yoyote ya hitilafu, mkamjibu kwa kicheko aende kwa mganga. Mimi sikucheka. Hii yangu nimekaa nayo muda na leo naitoa. Nikiongeza chumvi, mama yangu yuko hai Malinya, mwende mkamuulize.

Kwanza mnijue. Mimi ni fundi wa redio na TV, nina kibanda pale mjini, jioni narudi nyumbani Malinya. Mambo ya majini na mapepo huwa yananipandisha hasira tu. Mtu akikosa jibu anaanza kutaja pepo.

Kaka yangu mkubwa, Lihanda, alifariki ghafla kwa pressure. Aliacha mke wake, Mama Trizah, na watoto. Aliacha pia saloon ya zamani, zile za plug waya ndefu juu ya injini, zinazopeleka moto kwa plug. Aliipenda hiyo gari mpaka tukawa tunamtania kwamba tutamzika nayo.

Hatukumzika nayo, lakini siku ya kumtoa mochari ndiyo ilitangulia msafara. Mnajua vile huku kwetu tunafanyanga. Vijana wa soko walifunga matawi mbele yote mpaka taa hazikuonekana, honi njia nzima, ngoma za isukuti zinalia nyuma. Tukamzika, matawi tukayatoa, maisha yakaendelea.

Familia ikaamua gari niendeshe mimi, na siku za soko nimpeleke Mama Trizah mjini na ndizi zake. Hakuna shida, huyo ni shemeji yangu.

Sasa sikilizeni mahali tunaishi. Boma letu liko bondeni. Ukitoka getini unapita kaburi la Lihanda kando ya njia, halafu unapanda kilima cha udongo kati ya miti ya blue gum mpaka ufike lami.

Siku ya kwanza ya soko kulikuwa na ukungu. Tulipita kaburi, nikakanyaga mafuta kuanza kupanda, gari ikashtuka. Tuk. Ikanyamaza. Tuk tuk. Nguvu ikaisha, kiti kikatetemeka.

Na redio, ambayo nilikuwa nimeiacha chini chini, ikafanya: krh, krh.

Niwaambie kitu kimoja. Lihanda alikuwa na tabia ya kukohoa mara mbili akifika getini, ndiyo walio ndani wajue ni yeye. Miaka yote. Krh, krh, halafu anaingia.

Nilimtazama Mama Trizah. Alikuwa ameweka mkono juu ya dashboard. Tulipofika lami gari ikawa tamu, haina tatizo lolote. Taa ya injini haikuwaka hata kidogo.

Kesho yake nilipanda kilima hicho peke yangu. Kimya. Kesho kutwa, kimya. Nikasema ilikuwa maji kwenye petroli.

Siku ya soko ikafika, Mama Trizah akapanda na mizigo yake. Tulipopita kaburi, tuk tuk. Krh, krh.

Wakuu, nywele za mkono zilisimama. Mchana kweupe, ndege wanaimba kwenye miti, na mimi jasho linanitoka.

Ikawa hivyo kila akiwa ndani. Nikiwa peke yangu, hakuna. Siku moja tulimbeba na mama mzazi anaenda kliniki, amekaa nyuma katikati ya ndizi. Redio ilipokohoa, mama akainama mbele akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anaongea na mtu aliyekaa hapo:

"Lihanda, baba, ni wewe?"

Niliendesha tu. Mama Trizah alifunga macho.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu mama alisimulia nyumbani, na baba mdogo Shivachi akasikia. Huyu ndiye mkubwa wa familia sasa, na mdomo wake hauna breki.

"Gari inakohoanga nani akiwa ndani?" akauliza. "Ni huyo mwanamke. Ameshika roho ya mtoto wetu, hataki apumzike. Arudi kwao Butere, watoto wabaki."

Akaita kikao cha familia Jumamosi. Si kikao cha kuuliza, kikao cha kufukuza. Mama Trizah, aliyefiwa juzi, anyang'anywe nyumba na watoto kwa sababu ya injini! Nilikasirika mpaka chakula kikanishinda.

Nikaenda kwa Ambani, fundi wangu wa magari, tumesoma pamoja tangu darasa la kwanza. Akachomeka skana, mashine ya kusoma computer ya gari. Hakuna code. Akabadilisha plug, akasafisha throttle, akajaribu koili nyingine, akaangalia presha ya mafuta. Tukazunguka mji mzima, gari inateleza tu. Skana bado inasema gari ni nzima.

"Buda," Ambani akaniambia, "hii mashine inasoma gari. Hayo mengine haisomi."

Hata yeye! Nilitaka kumrushia spana.

Nikamwambia Mama Trizah, "Shemeji, achana na hii gari kidogo, watu wanyamaze." Alikuwa anafunga gunia la ndizi. Hakuinua kichwa. "Nitaenda na gari," akasema. Niliona ni kichwa ngumu, na nikamwambia hivyo hivyo. Akakaza kamba ya gunia.

Kikao kilikuwa kinakaribia. Nilikuwa kibandani nashughulika na redio ya mzee mmoja, nimeiweka medium wave, jirani yangu wa welding akaanza kuchomelea mlango wa chuma. Kila akigusa chuma, redio inafanya: krh.

Niliweka chini screwdriver.

Nimefanya hii kazi miaka na hiyo sauti sikuitambua, kwa sababu nilikuwa naogopa! Redio ya gari ya Lihanda pia ilikwama medium wave, masafa yanayonasa kila cheche, na mama mzazi alikataa niiguse. Hiyo krh ni moto wa umeme unaruka mahali haufai kuruka. Plug waya ilikuwa inavujisha moto kabla haujafika kwa plug, ndiyo injini inamiss.

Lakini kwa nini Mama Trizah tu? Nikafikiria mpaka nikajiona mjinga. Mama Trizah hapandi peke yake. Anapanda na magunia ya ndizi. Mimi nikiwa peke yangu gari ni nyepesi.

Nikamchukua Ambani, tukajaza magunia ya mchanga nyuma, tukashuka Malinya mchana. Mama Trizah tulimwacha nyumbani, nikahakikisha baba mdogo amemwona amesimama kwa mlango wake. Tukapita kaburi, nikakanyaga mafuta.

Tuk tuk. Krh, krh.

Ambani akashika mlango. "Simama nishuke," akasema, na hakuwa anatania. Mimi nilikuwa nacheka, lakini naapa niliangalia kioo cha nyuma mara mbili. Unaweza kujua ni umeme na bado shingo ikuambie kuna mtu nyuma.

Tulirudi gereji. Tukafunga milango ya mabati, tukatundika turubai mahali pa mwanga, tukawa gizani mchana huo huo. Nikanyunyizia injini maji kidogo kwa chupa, ndiyo moto uvuje kwa urahisi. Ambani akakaa ndani, mguu mmoja umekaza breki, mwingine unabonyeza mafuta gari ikiwa kwa gia, ndiyo injini isikie mzigo.

Injini ikajiinamisha upande. Na nikaona.

Moto wa bluu, mwembamba kama uzi, unatoka kwa plug waya na kurukia kitu kilichosimama chini yake. Unaruka, unapotea, unaruka. Krh, krh, kutoka kwa redio ndani ya gari. Nilirudi nyuma nikagonga ukuta.

Tulipofungua milango tukakuta ni kipande cha binding wire, ile waya laini ya kufungia. Kimezungushwa kwa chuma cha mbele, ncha moja imeingia ndani mpaka karibu na plug waya. Kwenye fundo lake kulikuwa na majani makavu.

Ni yale matawi ya msafara. Vijana walipitisha waya ndani ya grili, na tulipotoa matawi tulikata waya tuliyoiona tu.

Kwa wanaotaka ufundi: injini ikibeba mzigo inalala kidogo kwenye mount zake, zile raba zinazoishikilia, plug waya ikasogea karibu na hiyo ncha. Na mzigo unataka moto wenye nguvu zaidi, ukiona njia ya mkato unaichukua. Kilima kikiisha, kila kitu kinarudi mahali pake. Computer ya gari hii inataka misfire zifuatane nyingi ndiyo iandike code. Hizi zilikuwa chache chache, inazisamehe. Kwa hivyo code kukosekana si kusema gari ni nzima. Angalia kwa giza, na ujiulize gari imebeba nini ikianza kumiss.

Tukatoa hiyo waya, tukaweka plug waya mpya.

Jumamosi, kabla ya kikao kuanza, nilimkalisha Mama Trizah mbele, magunia nyuma, na baba mdogo nikambana katikati ya ndizi. Tukapita kaburi. Tukapanda mpaka lami. Gari kimya kabisa, redio inasoma matangazo ya vifo vya watu wengine.

Tuliporudi nyumbani nilimpa baba mdogo ile waya mkononi. Akaigeuza geuza. Akasema mvua itanyesha mapema leo. Huo ndio msamaha wake, na kikao kikageuka kuwa chai. Mama mzazi aliingia kwa nyumba yake akalia kidogo, akatoka akamwita Mama Trizah "mtoto wangu" mbele ya wote. Hakuna aliyetaja Butere tena.

Mimi nilikuwa najiona shujaa, sitaki kuwadanganya.

Watu walipoingia kula, Mama Trizah alibaki amekaa kwa gari. Nikaenda nikiwa natabasamu, nikitarajia asante.

"Shemeji," akasema, "kwa hivyo haikuwa yeye?"

"Haikuwa yeye. Ni waya tu."

Akatikisa kichwa polepole. Aliangalia kule kwa kaburi.

"Mimi niliona zamani kwamba mzigo ukiwa mzito ndiyo anakuja," akasema. "Kwa hivyo kila soko nilikuwa naongeza gunia."

Wakuu, fikirieni. Huyu mama alijua atafukuzwa. Alijua wanachosema. Na bado alikuwa anaongeza gunia, ndiyo amsikie mume wake akikohoa mpaka tufike lami.

Gari sasa inapanda vizuri. Yeye anapeleka ndizi sokoni na boda. Nikimwambia njoo nikupeleke, anasema hapana shemeji, asante.

Nilichojifunza ni kwamba unaweza kutengeneza kitu sawasawa na bado umnyang'anye mtu. Zaidi ya hapo sijui. Mafundi, mnikosoe kwa ufundi, nitajibu. Lakini wale mliofiwa na mume au mke, nyinyi ndio nawasubiri zaidi: huyu mama nimwambie nini?