Dobi Aliyefua Majani

Zamani mtu akipewa mche asioujua aliishi nao mpaka akaujua; siku hizi anauelekezea simu, anasomewa jina, na kabla hajalinusa jani ameshalisahau.

Jirani yangu dobi aliishi nao. Tulimwita Buluu, kwa sababu ile rangi ya kung'arishia mashuka ilikuwa imehamia kwenye kucha zake. Kibanda chake na changu cha kutengeneza saa vilitenganishwa na ukuta wa mbao tu, kwa hiyo mambo yake yote niliyasikia.

Binti yake wa pekee alipokwenda kusomea uuguzi, alimwachia mche kwenye kopo la maziwa. Majani yake yalikuwa na kingo zilizochanika kama lesi, meupe, yaking'aa kama fedha.

"Unaitwaje?" baba mtu akauliza.

"Hata aliyenipa hajui. Tutaujua ukichanua. Ila baba, paka nilikuachia, akahama. Kuku nilikuachia, mkamla. Huu nao ukifa, nikirudi nafikia kwa shangazi."

Alisema akicheka. Buluu hakucheka.

Akautunza kwa namna aliyoijua. Jicho la dobi halivumilii vumbi, na majani yale kwake yalijaa vumbi. Kila asubuhi aliyasugua jani kwa jani kwa kitambaa na povu la sabuni, akasuuza, kisha akaumwagia mche maji tele. Weupe ukaanza kutoka. "Unatakata," akaniambia kwa furaha. Baada ya wiki majani yalikuwa meusi, yamelala.

"Mume wangu," mkewe akasema, "nguo za mtaa mzima hazikutoshi, umehamia kwenye majani?"

Buluu akaniletea kopo. Nikabana lenzi ya saa jichoni, nikatazama jani la mwisho lililobaki jeupe, kule kileleni. Halikuwa vumbi hata kidogo. Jani zima lilifunikwa na malaika, vinyweleo laini kama vya shingo ya mtoto mchanga, vimesokotana sawasawa.

"Njoo uone. Kila siku umekuwa ukimvua blanketi lake, halafu unamwacha juani."

Tuligombania lenzi ile kama watoto. Buluu akakikata kile kilele kwa wembe, akakichomeka kwenye mchanga ndani ya kopo, akakiweka mlangoni penye jua. Kazi ikawa kuuzuia mkono: mtu aliyeishi kwa kumwaga maji sasa anachomeka kidole mchangani, akikuta pakavu ndipo anatoa kikombe kimoja. Siku lilipochipua jani jipya, jeupe pe, aliacha pasi juu ya suruali ya mteja akaja mbio kuniita. Suruali ikaungua. Hakujali.

Binti alirudi likizo akakuta vitumba bado vimefumba. Alifikia nyumbani. Asubuhi moja kimoja kikafunguka: ua la njano, dogo kama kifungo cha koti. Nikampa lenzi. Akainama juu ya ua, kisha akasema, "Baba, hili si ua moja. Ni maua madogo chungu nzima, yamejazana kama kikapuni."

Buluu akavuka barabara kwa muuza mbegu, akarudi na kichwa kizima cha alizeti. Tukavilaza pamoja mezani kwangu. Mpango ule ule, kitovu kile kile, mzunguko ule ule wa njano.

"Alizeti?" mkewe akasema. "Kafupi haka?"

"Ukoo mmoja," nikamjibu. "Hata kwenu wafupi wapo, shemeji."

Buluu alicheka mpaka akakaa chini kwenye kapu la nguo chafu.

Leo penye vibanda vile pana mashine. Mteja anatumbukiza sarafu, anafua, anaondoka bila kumsalimu mtu. Mara ya mwisho kuwaona, siku tulipohamishwa, mkokoteni ulikuwa umetangulia na mama na pasi zote. Baba na binti walifuata kwa miguu, Buluu amekumbatia kopo, na mvua ikaanza kunyunya. Akavua koti lake akalifunika.

"Baba, haya ni manyunyu tu."

"Hata kama. Nilishamwogesha ya kutosha."

Wakakata kona, wakibishana.